Kisu cha Springi cha Mjomba Mafundo

9 Februari

Mpwa wangu Kiroboto,

Kabla sijakusalimu nikuombe kitu kimoja. Barua ya mama yako ikitangulia hii, usiifungue. Kama umeshaifungua, isahau. Kisa cha jino langu watu wote wanakisimulia vibaya. Mama yako anasema limeng'oka nikitafuna mfupa. Fundi viatu hapo jirani anaapa nimepigwa ngumi. Msimamizi wa yadi anasema ni uzee tu. Waongo wote watatu. Jino lilikuwa langu na mimi nilikuwepo.

Haya, sasa salamu. U mzima? Unakula? Huko kwenye baridi unavaa kitu miguuni au bado unajifanya bata? Sisi wazima. Mama yako mzima, anagombana na bomba la maji kila asubuhi na bomba ndilo linaloshinda. Binamu yako wa saluni amenunua kiti cha kuzunguka. Tangu kije, nusu ya wateja hawanyolewi, wanakuja kuzunguka.

Herufi zangu zikienda upande, wewe inamisha kichwa. Shule niliiona dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa.

Sasa kisa. Lilikuwa lori la magodoro. Magodoro, we! Yamepangwa kwenda juu mpaka kunguru walikuwa wanapita chini yangu. Nimeshafunga turubai pande tatu. Upande wa nne kamba ikajisokota kwenye kulabu, na upepo ukaingia chini ya turubai, likavimba kama shavu la mpiga baragumu. Hapo hufungui fundo, hapo unakata. Nikatoa kisu changu cha kukunja. Si unajua ninavyokifungua: mkono umeshika mpini, meno yanavuta bapa. Miaka yote hivyo hivyo. Wenye mikono miwili bado wanapapasa mifuko, mimi nimeshakata na nimeanza kuwacheka. Basi nikavuta. Nikasikia "ka!" Nikasema safi, kisu kimefunguka. Kumbe kisu kimekataa, jino ndilo limekubali. Na lilikuwa la mwisho pale mbele. Turubai likapasuka kidogo tu, upana wa kupita ng'ombe. Mvua nayo ilikuwa imekaa hapo juu inasubiri kualikwa.

Ndiyo hiyo tu. Hakuna mfupa, hakuna ngumi.

Sasa ufizi hauwezi kuvuta bapa. Na usiniambie nivae kisu cha ala kiunoni. Nimejaribu, nikainama juu ya shehena, kikanisalimia pajani. Msimamizi naye kavipiga marufuku tangu utingo mmoja aanguke nacho.

Zamani niliona kisu kwa dereva mmoja wa safari ndefu. Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, bapa linaruka lenyewe. Springi ndani. Wewe si uko kwenye ghala la vifaa? Hebu angalia angalia. Si kwamba nahitaji. Nataka kujua tu kama bado wanavitengeneza.

Mama yako anasema mambo haya ningekupigia simu. Mimi nikishika simu, mkono wa kuonyeshea nitautoa wapi?

Halafu, huyo dereva wa mashine ya kuinua mizigo, uliyemtaja mara mbili kwenye barua moja, ni nani? Naulizia kwa niaba ya mama yako.

Ni mimi mjomba wako,
Mafundo, ambaye hajawahi kufungwa fundo asilolijua


3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, nakula, na miguuni navaa. Chumba nilichohamia kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi nzuri. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni. Wenzangu ninaokaa nao hawajui hata neno moja la kwetu, ila walicheka kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika meza kwa kucheka. Mmoja akauliza kama kuna msiba.

Pole sana na jino. Kunguru walipita chini yako? Mjomba, lori hilo lilikuwa na ghorofa ngapi?

Barua ya mama ilitangulia na nimeisoma. Jino kaliandikia mstari mmoja. Mistari mingine yote ni ya jambo ambalo wewe hukuligusa. Anasema msimamizi ametafuta kijana wa kufunga maturubai, na wewe umewekewa benchi getini uhesabu malori. Ni kweli? Nijibu hilo, usinijibu la bomba la maji.

Kisu nimekipata. Hapa kinauzwa kwenye rafu moja na tochi, na hakuna anayekuuliza unakipeleka wapi. Kidogo, kinaenea kiganjani, kina tundu mwishoni la kupitisha kamba ili kisikuponyoke ukiwa juu. Nimekijaribu kwa mkono wangu wa kushoto huku wa kulia nimeukalia. Kinaruka chenyewe. Nimekifunga pamoja na soksi nzito, maana najua na wewe ni bata. Kwenye karatasi ya kifurushi nimeandika ukweli mtupu: kisu na soksi, vya mjomba mwenye mkono mmoja.

Niandikie kikifika. Na lile la benchi.

Mpwa wako,
Kiroboto

Mashine za kuinua mizigo ziko nyingi hapa ghalani. Zina madereva wengi.


25 Aprili

Kiroboto wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Bomba limetengenezwa, sasa mama yako anagombana na aliyelitengeneza. Kiti cha saluni kimeanza kulia kama mbuzi kikizunguka, wateja ndio kwanza wameongezeka.

Mzigo wako umefika, au niseme umefika nusu. Kaa chini nikuhadithie jinsi mjomba wako alivyowashinda watu wa forodha.

Ililetwa karatasi ikisema nifike mwenyewe forodhani. Nikapiga pasi koti langu, lile la bluu. Mkono mtupu wa koti nikauchomeka mfukoni vizuri, kama kawaida yangu, nikawa bwana mmoja tu anayetembea na mkono mfukoni. Watu wengi hawagundui. Kuna mama mmoja sokoni nilimsalimia miaka na miaka, alipokuja kujua akanidai salamu zake.

Pale dirishani kuna afisa, binti mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Akafungua kifurushi, akaweka soksi huku, kisu kule, akanitazama kama nimeleta bomu. Akasema, "Mzee, hiki hakiingii nchini."

"Kisu hakiingii? Hapo nje sokoni kuna mapanga marefu kuliko wewe."

"Mapanga sawa. Kinachokatazwa ni kisu cha kufunguka chenyewe kwa kitufe. Wahuni wanavipenda, vinatoka haraka kuliko samahani." Halafu akashusha sauti, binti mwenye adabu kabisa. "Ila sheria ina mlango mdogo. Mtu mwenye mkono mmoja, asiyeweza kufungua kisu cha kawaida, anaruhusiwa kimoja kwa matumizi yake, bapa likiwa fupi. Karatasi ya kifurushi imesema ni cha mjomba mwenye mkono mmoja. Huyo mjomba yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akatazama koti, akatazama mfuko. Akaniuliza kwa upole mkono ulipotelea wapi. Nikamwambia nilimwazima rafiki, mpaka leo hajarudisha. Hakucheka. Akaanza kunisikitikia, Kiroboto! Mbele ya foleni nzima! "Pole mzee, kumbe huwezi hata kufungua kisu." Pole ya nini? Mimi? Nilikuwa nafunga malori kabla mama yake hajajua kufunga kamba za viatu!

Nikamwambia, "Binti, hakuna kazi ya mikono miwili ambayo mkono wangu huu haujaifanya vizuri zaidi." Nikachukua uzi wa kifurushi na kalamu yake hapo mezani, nikapiga fundo la turubai, lile la kujikaza lenyewe, kwa mkono mmoja, bila kutazama, huku nikiongea na mtu wa nyuma yangu. Nikamrudishia. "Haya, fungua. Una mikono miwili."

Alihangaika mpaka miwani ikaanguka. Mwenzake akaja kusaidia, naye akashindwa. Foleni ilikuwa imeshika mbavu. Mwisho wakaitisha mkasi.

Basi afisa akavaa miwani yake, akasema, "Mzee, hongera. Wewe huna shida yoyote. Sheria ni ya asiyeweza, na wewe unaweza kila kitu." Akarudisha kisu ndani ya boksi, akanisukumia soksi.

Nikatoka pale kichwa juu. Soksi nimezivaa sasa hivi, nzuri sana, zinakuja mpaka gotini.

Kisu wakae nacho. Mwisho wa Juni wanasema vyote vilivyokataliwa vinapelekwa kuyeyushwa. Viyeyushwe. Nilitaka kujua tu kama bado wanavitengeneza, na nimejua.

Mjomba wako,
Mafundo

Madereva wengi, sawa. Huyo mmoja je?


16 Mei

Mjomba, shikamoo.

Huku wazima. Ukuta wa dirishani kwangu umechorwa samaki mkubwa, sijui na nani, kwa hiyo sasa nina mandhari.

Barua yako nimeisoma, nikacheka mpaka kwenye mkasi. Baada ya mkasi sikucheka tena. Mjomba, ulimshinda nani? Walioshindwa wana kisu. Wewe mshindi una soksi.

Na lile la benchi umeliruka tena kama dimbwi. Basi nitaliandika mimi kama alivyoniandikia mama. Hujapanda lori tangu siku ya magodoro. Asubuhi unaondoka na kamba zako begani kama zamani, unazitundika msumarini pale getini, unakaa benchi, jioni unazishusha unarudi nazo nyumbani. Kijana anayefunga siku hizi anafunga vibaya, na wewe ukimwambia, msimamizi anasema, "Mzee, geti." Kweli au si kweli?

Nikuambie aibu yangu ili tulingane. Nilipoanza kazi hapa nilijifanya naweza kusoma maandishi ya huku. Kila nikiulizwa, naitikia kwa kichwa. Siku moja watu waliokuwa wanapaka rangi jengo waliagiza brashi, mimi nikawapakilia brashi za kusugulia vyoo, lori zima. Msimamizi aliniita. Nilikuwa na maneno ya kujitetea kama kumi hivi. Nikayameza, nikasema, "Sijui kusoma haya." Akanitazama, akasema, "Kwa nini hukusema?" Akanitafutia mtu wa kunifundisha saa ya chakula. Dari halikuanguka, Mjomba. Nililitazama kabisa nione kama linakuja.

Rudi forodhani. Sheria imekuachia mlango mdogo, na wewe umesimama mlangoni hapo unawaonyesha ulivyo mrefu. Inama kidogo, pita.

Kiroboto wako

Aliyenifundisha kusoma ni dereva wa mashine. Hayo yakutoshe.


28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Umenyamaza tangu mwezi wa tano. Wewe kunyamaza! Nimemuuliza mama, anasema u mzima, unakula, unaongea na kila mtu habari za kila kitu isipokuwa forodha. Hii ikifika Juni itakuwa imeshapita, najua. Lakini siwezi kukaa bila kuandika.

Kama nimekuudhi, nisamehe. Kama hujaenda, basi, sitasema tena. Nitatafuta njia nyingine. Nitakuja mwenyewe nikae juu ya lori kazi yangu iwe kukufungulia kisu.

Na kama ulienda, nakupa jina la dereva. Mtego huo.

Kiroboto


19 Julai

Kiroboto, Kiroboto, Kiroboto,

Marahaba, na za zamani zote ulizonisalimia nikakaa kimya, marahaba. Hujaniudhi. Au umeniudhi, lakini kama dawa ya kidonda inavyoudhi. Mama yako anakusalimu. Kiti cha saluni kimekatika na mteja akiwa juu, ametoka na nusu ya nywele, sasa ndiyo fasheni ya mtaa.

Ya benchi, kweli. Haya, nimeandika, tusonge.

Nilienda. Nilienda siku ya mwisho kabisa, maana siku nyingine zote nilikuwa na shughuli nyingi za kutokwenda. Koti la bluu, pasi, mkono mtupu mfukoni. Foleni imejaa mpaka mlangoni, watu wote wamekumbuka mizigo yao siku moja. Nafika dirishani, yule binti akaniona. "Aa! Mzee wa soksi!" Kumbe ofisi nzima wananiita hivyo. Mwenzake akaficha kalamu.

Nikamwambia nimekuja kuhusu kile kisu. Akakileta, akakiweka mezani, juu yake ameweka kiganja. Akasema, "Mzee, hapa kuna mahali lazima niandike kwamba huwezi kufungua kisu cha kawaida bila msaada. Safari ile ulinionyesha vingine. Sasa niambie. Unaweza au huwezi?"

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea nini?"

"Kisu chenyewe. Kuna visu vya heshima na kuna visu vikorofi."

Akafungua droo, akatoa kisu cha kukunja, cha kawaida, chao wenyewe cha kukatia kamba za mizigo. Akakiweka mbele yangu. "Hiki ni cha heshima."

Nikakichukua. Kwanza nikakibana kwapani, upande ule usio na mkono, nikavuta bapa, mpini ukageuka pamoja nalo. Nikakibana kati ya magoti, kikateleza kikaenda chini ya kaunta. Nikainama nikakitafuta, na nilipoinama mkono mtupu wa koti ukachomoka mfukoni ukaning'inia, watu wote wakauona unapunga kama unaaga. Nikasimama. Nikakisukumiza kwenye ukingo wa kaunta, kucha ikavunjika. Nikakipeleka mdomoni kwa mazoea tu, nikakumbuka kuwa huko nako hakuna mtu nyumbani.

Yule binti hakusema pole. Nadhani safari hii alijua. Alishika kalamu yake, akasubiri, kama mtu anayesubiri chai ipoe.

Nilikuwa na maneno, Kiroboto. Unanijua. Ningesema kisu kimeshika kutu. Ningesema leo nina homa. Ningesema nipe muda nikupigie fundo jingine. Nikakumbuka zile brashi zako za choo, nikatazama dari.

Nikasema, "Siwezi."

"Rudia mzee, kuna kelele."

"Siwezi kukifungua. Hiki wala kingine. Nilikuwa nafungua kwa meno, na meno yamekwisha. Nikipanda juu ya lori bila kisu, namtafutia mtu mwingine ajali. Ndiyo maana nimekaa benchi."

Akaandika. Akachukua rula, akapima bapa la kile cha springi kama nesi anayepima mtoto, akaitikia kwa kichwa kwamba ni fupi, linaruhusiwa. Akagonga muhuri kwenye kibali. Akanisukumia. Nikapitisha kamba kwenye lile tundu, nikaifunga mkononi, nikabonyeza. Tak! Bapa likaruka, linang'aa, na foleni nzima ikapiga makofi, nyumba ikatikisika, mpaka mzee mmoja akavua kofia.

Kesho yake nikaenda yadini, nikalipita benchi kama mtu nisiyemfahamu. Msimamizi akasema, "Mzee, geti." Nikamwonyesha kibali, nikamwonyesha na kisu, tak! Akaruka nyuma. Akasema nipande lori la viti vya plastiki aone. Nikapanda. Kamba ikakwama, nikakata, nikafunga upya, nikashuka. Akalizunguka lori akivuta kila fundo, hakuna lililolegea, akaenda kunywa maji. Siku hizi kijana wa turubai yuko upande wa kushoto wa lori, mimi wa kulia. Anajifunza. Polepole, lakini anajifunza. Na akisema "hili siwezi, Mzee," simcheki. Au namcheka kidogo.

Sasa nimetimiza yangu. Lete jina la dereva, na kazi ya baba yake, na kama anajua kufunga fundo lolote.

Mjomba wako,
Mafundo

Nilishafunga bahasha nikaifungua tena, kwa kisu unachokijua. Mama yako kasoma akasema nisikutumie uongo huko mbali. Basi yote ni kweli isipokuwa ile ya makofi. Hakuna aliyepiga makofi wala kuvua kofia. Hakuna hata aliyegeuka. Kulikuwa na mama mmoja nyuma yangu amebeba boksi, akaniambia, "Mzee, ukimaliza sogea pembeni kidogo, na sisi tuna shida zetu."